Nilimwandikia Mtaalamu wa Mionzi Kwamba Mke Wangu Hajambo

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mke wangu hajajua nilichokifanya. Mimi ni mkulima wa tumbaku, karibu na stesheni ya Igalula, mke wangu Agnetha alikutwa na saratani ya titi la kushoto akatibiwa kwa mionzi Mwanza wiki tatu, na kabla hajaenda, hospitali ilimtumia video kwenye simu, mtaalamu mmoja anaitwa Octavian akimfundisha kuvuta pumzi na kuishikilia ili moyo ukae mbali na mionzi, basi kila asubuhi Agnetha analala mkekani anafuata sauti ile, "vuta, shikilia, vizuri sana mama," nami nimesimama mlangoni, miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kunitii haraka hivyo, nikimtania anasema, "Nyamaza baba Lugembe, umenipotezea hesabu."

Sasa amerudi, na kila siku ujumbe wa hospitali kwenye simu unauliza maumivu yakoje, ngozi ikoje, tuma picha, Agnetha hasomi vizuri hivyo yeye anasema mimi naandika, na Octavian anajibu kwa sauti, "Shikamoo mama," mke wangu anaitikia, "Marahaba mwanangu," anacheka kicheko ambacho mimi sijakipata tangu augue, na wiki iliyopita akaniambia, "Mwandikie inawaka, ngozi inachubuka huku chini ya titi, piga picha," mshauri sikuweza, titi la mke wangu liende kwa mwanamume mwingine, nikaandika "sijambo," nikamwambia picha imekwenda, siku nne mfululizo, nikidhani kijana atapunguza mazoea. Jana akatuma sauti, "Hongera mama, unaendelea vizuri, tutaonana mwezi ujao." Agnetha akasema, "Kumbe ndivyo inavyotakiwa kuuma," na tangu hapo haniambii kitu. Nifanyeje nisiharibu ndoa yangu?

Mhoja, Igalula

Bwana Mhoja,

Umeniuliza habari za ndoa. Nitaanza na ngozi, maana hiyo haisubiri.

Wivu nauelewa. Mkeo aliugua, na watu wasiokujua wakaanza kumfahamu kuliko wewe. Inauma. Lakini kijana anamwamkia shikamoo, anaitwa mwanangu, na wewe ukaona mpinzani! Picha ile ingemwonyesha mahali mionzi ilipochoma, ajue mkeo apakwe nini na kama arudi haraka. Huku kwetu mtu mwenye homa humwitikia mgeni "sijambo," na ni adabu. Simu ile haikuja kusalimia. Umemfanya mgonjwa aamini kwamba maumivu yake ni ya kawaida.

Weka gazeti hili chini. Piga namba iliyo kwenye kadi yake ya kliniki, sema hivi: "Majibu ya siku nne ni yangu, si ya mgonjwa." Fuata watakachokuambia. Usimpake mafuta wala dawa ya jirani. Akiwa na homa, au kidonda kikitoa usaha, usingoje kujibiwa, mpeleke hospitali Tabora leo hii.

Kisha mwambie Agnetha mwenyewe, kwa kinywa chako, asije akayasikia kwa Octavian. Atakasirika. Kaa usikilize, na usimdai msamaha siku hiyo hiyo.

Kesho asubuhi shika simu kama kawaida. Akicheka na sauti ya yule kijana, mwache acheke. Akisema inawaka, andika inawaka.