Kadi ya Kijani ya Mchanga

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepaka rangi kadi tena. Neema anasema ubao wangu sasa unafanana na duka la vitenge. Huyu Neema ni afisa miradi wetu, umri wa binti yangu, ndiye aliyetuletea hii programu ofisini. Kila kazi ina kadi yake kwenye ubao wa kompyuta. Safu tatu: Imekwama, Inaendelea, Tayari. Kazi ikisogea, unaiburuta kadi kwa kidole. Mimi mratibu, miaka hamsini na ushee, napenda sana kuburuta. Ni kama kupanga vyombo kabatini bila kuviosha.

Mradi wenyewe ni tanki la maji ya mvua kwa shule moja ya msingi, ukishapita Mkiwa. Watoto wanakwenda shule na madumu kichwani, wanafika wamechoka kabla ya somo la kwanza. Nimemwahidi mwalimu mkuu kwa kinywa changu: mvua ya kwanza itaingia tankini. Ikitukuta hatujamaliza, vibarua wote wataingia mashambani kupanda alizeti. Hapo ni mpaka mwakani.

Leo nimempigia mwenye tipa kuhusu mchanga. "Nipo njiani, mama." Nikaipaka kadi ya mchanga kijani, nikaiweka Inaendelea. Inapendeza.

Jumatano, 6 Novemba

Neema kaongeza picha za watu, ili kadi ionyeshe ni ya nani. Mzee Ntandu, fundi wetu, kapigwa picha akitafuna karanga, mdomo wazi. Nimecheka hadi machozi. Kadi yake ni ya kitako cha zege ambacho tanki litakalia. Bado hajaanza. Neema akaniuliza aiweke wapi. Nikasema Imekwama. Ikapata fremu nyekundu.

Kwenye kadi yangu ya mchanga nimeweka ua la alizeti. Sipendi picha zangu. Natoka mnene.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya.

Kikao cha kamati ya mradi. Neema kamulika ubao ukutani kwa projekta. Uso wa Mzee Ntandu ukatokea mkubwa kama mlango, karanga mdomoni, juu yake neno IMEKWAMA. Watu wakaangua kicheko. Mtu kutoka nyuma: "Fundi, kumbe kazi imekwama kwenye karanga!" Kicheko tena. Nami nilicheka kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mzee akainuka. Akachukua kofia yake, akatoka. Mafundi wake wawili wakamfuata. Tangu saa ile simu yake haipatikani.

Mzee wa umri wa baba yangu. Nimemtundika ukutani kama kalenda.

Neema analia, anasema kosa ni lake. Si lake. Aliuliza, mimi nikajibu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda Mkiwa na kilo mbili za sukari. Nimevaa nadhifu, kama ninayepeleka posa.

Mke wake, Mama Daudi, alinipokea mlangoni. "Karibu. Mume wangu nimekaa naye humu ndani miaka yote, kumbe nyie mlikuwa mnamtafutia ukuta wa kumtundika." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa anacheka, na alinitolea kigoda.

Nikamwamkia mzee. Shikamoo yangu ilikaa hewani muda mrefu. Upepo ukapita. Kuku akapita. Ndipo akasema marahaba, bila kunitazama.

Niliomba radhi, sikujitetea. Mama Daudi akataka kuuona huo ubao wenyewe. Nikaufungua kwenye simu. Akaangalia uso wa mumewe, akatikisa kichwa, kisha akaweka kidole chini kidogo.

"Na hii ya kijani, yenye ua zuri hivi, ya nani?"

"Yangu, mama."

"Ya nini?"

"Ya mchanga."

"Ulishafika?"

Nikaifunika simu kwa kiganja. Mzee ndipo akanigeukia. "Mwajuma, zege nichanganye kwa unga wa uwele?"

Yeye hakukwama. Alikuwa ananisubiri mimi. Nimepaka rangi wiki nzima, nimelipamba tatizo lenyewe kwa ua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale kikaoni. Akashangaa kweli. "Mbele za watu? Mwanamke mtu mzima, nikuaibishe?"

Alinifichia aibu, na mimi nimemwanika. Nimerudi nyumbani Utemini nimekaa kimya kwenye basi, mimi ambaye huongea hata na konda.

Hajasema atarudi. Ameipokea sukari, lakini.

Jumanne, 12 Novemba

Tumepanga ubao upya. Nyuso zote nje. Kila kadi sasa ina picha ya kazi yenyewe, na kadi inayosubiri nyingine imewekwa chini ya ile inayoisubiri. Gata za kukinga maji ya paa zinasubiri tanki. Tanki linasubiri kitako. Kitako kinasubiri mchanga. Ukiangalia hivi, hata mtoto anaona nani anayefunga njia.

Uso mmoja tu tumeuweka. Wangu. Neema ameipata picha yangu kwenye harusi ya mpwa wangu, shavu limejaa pilau. Upo kwenye kadi ya mchanga, fremu nyekundu. Imekwama.

Nimeitisha kikao kesho, watu walewale, ukuta uleule.

Jumatano, 13 Novemba

Wamecheka zaidi ya siku ile. Mtu wa nyuma: "Leo mratibu kakwama kwenye pilau!" Nikawaacha wacheke washibe. Kisha nikawaambia yote: mchanga ni kazi yangu, sikuufuatilia, na fundi alinisitiri. Kicheko kikafa chenyewe.

Mzee hakuwepo. Ila Mama Daudi alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Hajawahi kuja kikaoni kabla ya leo.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepanda tipa mwenyewe, nimekaa mbele na dereva. "Nipo njiani" ya leo niliisikia nikiwa humo humo njiani. Tripu mbili za mchanga zimemwagwa shuleni.

Mzee Ntandu alikuwa ameshafika. Anapima kwa kamba. Nikamwamkia. Marahaba ikaja palepale.

Jumatano, 20 Novemba

Kitako kimemwagwa, tunakimwagilia ili kisipasuke. Maji hayo yanatoka kwenye madumu ya watoto. Inaniuma. Mawingu yamejikusanya mapema mwaka huu. Kibarua mmoja ameaga, anakwenda kusafisha shamba. Jana wawili. Naangalia juu, naangalia ubao. Kupaka rangi nimeacha. Naogopa.

Jumatano, 27 Novemba

Tanki limekaa. Gata zimefungwa upande mmoja wa paa, upande wa pili bado. Mzee yuko juu ya ngazi, umri ule. Nimemsihi ashuke. "Wewe buruta kadi zako," anasema, "huku niachie." Neema anashika ngazi. Ngurumo upande wa Iramba.

Ijumaa, 29 Novemba

Imenyesha mchana, baada ya swala. Upande wa pili wa paa haukuwahi. Nusu ya maji imemwagika uani, nusu imeingia.

Mwalimu mkuu alinipigia, akaweka simu kwenye tanki nisikilize. Nikasikia maji yakishuka ndani.

Jumapili, 1 Desemba

Nimekwenda kuona mwenyewe. Nimepapasa tanki kwa nje. Baridi ya maji inaishia kiunoni kwangu. Madumu yamerundikwa nyuma ya darasa, yamelala. Nikayapiga picha.

Mzee Ntandu amekuja kupima gata zilizobaki, kesho anamalizia. Akauliza picha yake ya karanga iko wapi. Mama Daudi anaitaka, aitundike sebuleni. Nikamwambia Neema akaisafishe studio.

Kadi ya kitako nimeipeleka Tayari. Kadi ya gata imebaki Inaendelea, maana ndiko iliko. Sijaipaka rangi.

Nimeweka picha ya madumu kwenye ubao, nikafunga simu. Kunanukia udongo.