Anamngoja Ndugu Yake Mlangoni pa Sinema

Kwako Bibi Mshauri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unisaidie, kwa sababu nimewauliza watu wote walio karibu nami na kila mmoja amenipa jibu lake, na mimi nimebaki katikati nisijue nimfuate nani.

Mimi ni mtu wa Mbololo lakini nafanya kazi huku chini Voi, nalinda mlango wa ukumbi wa sinema kila Jumamosi saa kumi jioni, na kabla ya hapo nafagia na kuziba madirisha kwa magunia ya katani ili mwanga usiingie. Picha huletwa kwa treni ndani ya masanduku, na kila sanduku huja na karatasi, na karatasi mara nyingi husema watoto walio chini ya miaka kumi na sita wasiingie, lakini wewe unajua huku kwetu ni nani aliye na cheti cha miaka, ukimuuliza mzazi atakuambia huyu alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine atasema alizaliwa ndovu walipomaliza mtama wa Kasigau, na ndovu wa Kasigau humaliza mtama karibu kila mwaka, basi nikachoka kubishana nikatumia akili yangu, nikachukua rangi nyeusi nikapiga mstari kwenye mwimo wa mlango, futi tano kasoro inchi mbili, nikasema atakayefika hapa ni mtu mzima na asiyefika arudi kwa mamake. Bwana mwenye ukumbi alinisifu. Watu walizoea, wakawa wanajipanga wenyewe mwimoni wakisimama wima, na sikumpendelea mtu, hata Mutindi mke wa fundi wa baiskeli nilimrudisha na mtoto wake mgongoni kwa kuwa hakufika.

Binti yangu Elsie ana miaka kumi na mmoja. Huyu ninajua miaka yake hasa, kwa maana kadi yake ya ubatizo imo sandukuni mwangu, lakini ni mrefu, amefuata watu wa mamake, na mwaka jana alirefuka ghafla mpaka nguo zote zikawa fupi, na Jumamosi moja akaja akasimama mwimoni kama wengine na kichwa chake kikaupita mstari. Watu wote walikuwa wananitazama. Mke wangu Tryphena alikuwa ameniambia mapema, "Baba Elsie, huyo mtoto amerefuka miguu tu, akili bado ni ya mtoto," na mimi nikamjibu mstari ni mstari, nikimkataza wangu watu watasema sheria ni yangu ya kuchezea. Ukweli ni kwamba nilifurahi pia. Nilitaka aone yale niliyoyaona mimi, tuwe tunayazungumza tukirudi nyumbani.

Picha ile ilikuwa ya mwizi wa ng'ombe, akapigwa risasi darajani, akalala na damu, akatiwa kwenye sanduku, mwanamke akalia, wakamfukia. Elsie hakulala vizuri siku hiyo. Wiki mbili baadaye ikaja picha nyingine, na mtu yule yule akawa ndani yake, mzima, amepanda farasi, anacheka na kula mkate, na Elsie akatoka mbio mpaka mlangoni akanishika shati, akasema, "Baba, yule mtu waliyemzika amerudi," na mimi nilikuwa ninagombana na walevi wawili wanaotaka kuingia bure, nikacheka nikamwambia, "Hao hawafi, mwanangu. Ukiwazika Jumamosi hii, Jumamosi nyingine wako." Bibi Mshauri, maneno hayo ndiyo yanayonila sasa.

Mwezi wa tano mtoto wetu mdogo, Elijah, miaka minne, alipatwa na homa. Siku tatu tu. Nilimpeleka hospitali kwa miguu nikimbeba, na siku ya tatu nikamtoa huko nikimbeba vile vile. Tukampeleka Mbololo kumzika karibu na nyumba ya mama yangu, na Elsie tulimwacha Voi kwa jirani, kwa sababu kwetu watoto hawapelekwi kuona maiti wala kaburi, wanaambiwa ndugu yako amekwenda kupumzika, basi. Hata mimi nilipofiwa na dada yangu nikiwa mdogo nilipelekwa kwa shangazi kuchunga mbuzi.

Tuliporudi tulimkuta Elsie amefua shati la Elijah na kulikunja vizuri. Hakulia. Akaniuliza, "Atarudi Jumamosi gani?"

Nikadhani ni uchungu umemchanganya na utapita. Jumamosi ikafika akaja mlangoni akasimama kwenye mstari, nikamwacha aingie, maana niliona afadhali apate furaha kidogo, na akaja ya pili na ya tatu mpaka ya tano, na nilipochungulia ndani nikaona haangalii picha kama watu wengine wanavyoangalia, anatafuta, kila nyuso za watu wengi zikipita kwenye kitambaa anainuka kidogo kitini. Halafu ikiisha anatoka polepole na kuniambia, "Si leo." Nyumbani anagawa chakula chake mara mbili, nusu anakula na nusu anafunika kwa bakuli la bati, na hatuwezi kukigusa, na sasa amekonda mpaka kola ya nguo ya shule inazunguka shingoni.

Jumapili iliyopita nikajikaza nikamweka mbele yangu, nikamwambia ukweli, kwamba watu wa sinema wanaigiza, risasi si risasi na damu ni rangi, na yule mwizi hakufa hata mara moja, alilala tu kisha akaamka akaenda zake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi na nyinyi mlikuwa mnaigiza. Mama alilia kama yule mama. Mmemficha wapi?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Aliacha mchicha chini akaingia ndani, na tangu siku hiyo hasemi nami ila neno la lazima. Alichoniambia ni kimoja tu, "Mwache aende hiyo sinema mpaka achoke mwenyewe, wewe ndiye ulimpeleka." Mwalimu wa kanisa, Mzee Fanuel, anasema nimfungie nyumbani kila Jumamosi na nimcharaze akikataa, kwa kuwa sinema ni mlango wa shetani na mimi ndiye bawabu wake. Mama yangu anasema aletwe mlimani wazee wamwombee, lakini naogopa kumpeleka, kwa sababu huko ndiko kaburi liliko.

Jumamosi hii sanduku limekuja, na karatasi yake inasema kumi na sita. Najua atakuja. Atasimama kwenye mstari wangu, atanyoosha mgongo, na kichwa chake kitaupita, na mimi sina sheria nyingine ya kumrudishia. Nimruhusu au nimkataze? Nikimruhusu atamtafuta mtu asiyekuwamo, nikimkataza ataona nimemfungia ndugu yake mlango. Mmoja nimemzika na wa pili ninamwona anakwenda mbele ya macho yangu, na nimeshindwa, Bibi Mshauri, nimeshindwa kabisa.

Mlinda mlango, Voi

MSHAURI ANAJIBU

Mlinda mlango, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani. Pole kwa Elijah. Mtoto wa miaka minne ana uzito mdogo mikononi, lakini uliyembeba hivyo hutamtua maisha yako yote, nami nalijua hilo kwa kuwa nimezika wawili.

Sasa vumilia nikuambie. Ulipopiga mstari ule ulijiona mwerevu, na kwa mbuzi mnadani ungekuwa mwerevu kweli. Mtoto hapimwi hivyo. Ulimrudisha mama mwenye mtoto mgongoni ukamwingiza msichana wa miaka kumi na mmoja, na hukusimama kujiuliza iwapo kipimo chako kina akili. Wazazi wengine wanaweza kujitetea kwa nzige na ndovu. Wewe kadi unayo sandukuni. Ulijua, mkeo alikuonya, na ukaogopa macho ya watu waliopanga foleni kuliko macho ya mtoto wako. Usinitajie sheria. Sheria ilikuwa kwenye karatasi, wewe ukaweka rangi juu yake.

Jibu la swali lako ni fupi. Umkataze. Hii na zote zilizoandikwa hivyo, mpaka afike umri, hata awe mrefu kama mnazi. Mkeo anasema aende mpaka achoke; anasema hivyo kwa hasira na si kwa busara, na hasira hiyo ameipata kwako. Mtoto anayengoja mtu hachoki kungoja, hukonda tu. Na Mzee Fanuel mwambie fimbo haikumfundisha mtu yeyote kusahau maiti, akitaka kusaidia aje akae na mkeo.

Lakini ukimkataza tu ukaishia hapo, utakuwa umefunga mlango mmoja juu ya mwingine. Huoni ulilolifanya? Kifo cha mchezo, chenye damu ya rangi na mwanamke wa kulia kwa mshahara, ulimpima binti yako ukasema amefika, aingie. Kifo cha ndugu yake, wa tumbo moja, ukampima ukasema hajafika, akae kwa jirani. Kile cha uongo alikiona kwa macho yake kuanzia risasi mpaka mchanga. Cha kweli hakukiona hata kidogo. Aliona mnaondoka na ndugu yake, mkarudi bila yeye. Wewe ungeamini nini? Mtoto huyo hana wazimu. Amehesabu vizuri kwa hesabu mlizompa.

Najua desturi ya kuwaficha watoto. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walimficha mtoto kaburi, lakini mtoto huyo hakuwa na sinema. Alikaa kwa shangazi na mbuzi, akaona watu wamenyoa, akaona mama halali, akaelewa polepole kwa njia yake. Wako alikuwa amekwisha kuelewa vingine kabla hamjarudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi hii usiwepo mlangoni. Mwambie mwenye ukumbi atafute mtu, na akikataa, mwache atafute mtu wa kudumu. Kazi utapata nyingine. Asubuhi hiyo, kabla hamjaondoka, mwombe mkeo msamaha, na usitaje sinema wala mstari, sema tu, "Uliniambia, sikusikia." Akikujibu au asikujibu, mwende wote watatu Mbololo. Elsie achukue lile shati alilolifua.

Mpeleke kaburini wewe mwenyewe. Usimwachie mama yako kazi hiyo, wala wazee, ingawa wakitaka kumwombea baadaye waombe. Usimwambie amelala, kwa maana aliyelala huamka. Usimwambie amepumzika wala amesafiri. Sema amekufa. Mwambie, "Yule wa sinema picha ilipoisha aliinuka. Elijah hakuinuka. Nilikuwa nimemshika mimi." Mwambie mikono yako ilisikia nini. Mwambie pia kwamba siku ile mlangoni ulimjibu kwa mzaha na ulikosea, kwa sababu mpaka leo anakuamini wewe kuliko anavyoamini machozi ya mama yake, na neno lako haliondolewi na mtu mwingine.

Mwache aushike udongo. Akitaka kuliweka shati pale, aliweke, na akitaka kurudi nalo, arudi nalo. Atalia, na huenda akakupiga, na huenda asitake kukutazama kwa siku nyingi. Usimnyamazishe. Kilio hicho alikuwa anakidai tangu mwezi wa tano, na nyinyi ndio mliokizuia. Ile sahani iliyofunikwa msiiguse. Siku moja ataifunua mwenyewe, na siku hiyo ndiyo nyumba yenu itakuwa na msiba kwa kweli, nanyi mtalia wote kwa pamoja kama mlivyopaswa kulia mwanzo.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona upesi. Ningekudanganya, na ameshadanganywa vya kutosha katika nyumba hiyo.

Ukirudi kazini, kama kazi itakuwapo, chukua kisu uparue ile rangi mwimoni. Mtoto akija, muulize mzazi wake, na mzazi asipojua, mrudishe. Ukumbi utakosa senti chache. Na kama mzazi mwenyewe anabisha, msimulie habari za msichana aliyeupita mstari.

Na kule kaburini, Elsie atakuuliza tena lile swali lake. Usitazame pembeni. Mwambie hakuna Jumamosi, mwanangu, hakuna hata moja, kisha kaa naye chini pale mchangani mpaka yeye mwenyewe aseme twende.