Pikapu Inazima Baada ya Geti

Jumatatu, 6 Juni

Imezima tena. Palepale — ng'ambo ya geti la waya, kabla hatujaifikia lami. Inakohoa, inashtuka, kimya. Nikafungua boneti nikasimama kuitazama injini, eti labda itaniambia. Kaka yangu Lumir kakaa ndani, kofia imemfunika uso, hata hakuuliza kuna nini. Nikagusa huku, nikatikisa kule, nikarudi kupiga stata. Ikalia weee, mpaka nikaogopa betri. Halafu ikawaka kama si yenyewe iliyogoma. Shetani wa chuma!

Naandikia hapa kliniki, kwenye kiti cha kungojea. Tumechelewa, kwa hiyo Ruthanne, yule nesi, amempunguzia kaka muda wa mashine ya kusafisha damu. Kuna mgonjwa mwenzake anayesubiri kiti hicho hicho. Kanivuta kando. Figo za Lumir hazifanyi kazi tena, kasema, uchafu ambao mashine haikuutoa anarudi nao nyumbani mwilini. Kwani mimi sijui? Nikamwambia si mimi ninayechelewa, ni petroli.

Marcene alipiga simu jana kutoka mji wa Lincoln. Binti yake Lumir, wa pekee. Aliongea kwa upole, na mimi upole wa Marcene ndio unaonitisha. Kama gari halitegemeki, baba atahamia nyumba ya wazee, mtaa mmoja na kliniki. Chumba keshakiulizia. "Shangazi, mwisho wa mwezi huu nakuja kumchukua, labda unionyeshe gari linalokwenda."

Kaka kazaliwa kwenye nyumba ile, kwenye chumba ninacholala mimi sasa. Huko mjini atakaa dirishani aangalie maegesho ya magari? Hapana. Na kigari changu kidogo hakiwezi mchanga wa huku, hata kuku wanakipita. Basi ni lazima pikapu hii ipone, na nitaiponya mimi.

Jumanne, 7 Juni

Nimefungua filta. Ni ile ya plastiki, unaona mpaka ndani. Rangi ya chai ya rangi! Kutu tupu. Nikafurahi, mwenyewe nikajiona fundi. Petroli haipiti, injini inakosa, inazima. Ikipumzika, petroli inajipenyeza kidogo, inawaka. Kila kitu kinaeleweka. Nimeweka filta mpya, nimeizungusha pikapu malishoni, imekwenda vizuri kabisa.

Lumir alitoa kiti nje akakaa kunitazama. Nilimletea kolachi, andazi lenye jamu ya aprikoti, na kahawa, ile nusu kikombe anayoruhusiwa. Akasema gari limezeeka, niliache lipumzike. Nikamjibu kwamba mimi nimelizidi umri mbali sana na hakuna aliyeniambia nipumzike. Akacheka kidogo. Siku hizi hacheki sana.

Jumatano, 8 Juni

Haikupona.

Palepale, ng'ambo ya geti. Boneti juu, jua kali. Filta ya jana — mpya! — imeshageuka nyekundu. Imewaka baada ya kuitukana. Tumechelewa tena, kaka kapunguziwa tena.

Nikapita kwa Delbert tukirudi. Delbert ni jirani yetu, ndiye anayefufua trekta za watu wote upande huu wa mto. Kasikiliza injini kama daktari, kichwa kimeinama. Anashuku joto. Petroli inachemka ndani ya bomba lake kabla ya kufika kabureta, inakuwa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Dawa? Vibanio vya nguo! Vya mbao, si vya plastiki, unavibana kwenye bomba kuanzia pampu hadi kabureta. Baba yetu naye alikuwa akifanya hivyo. Wengine wanasema mbao inanyonya joto, wengine wanasema haisaidii chochote ila mtu anajisikia vizuri. Nimevibana vyote nilivyokuwa navyo. Mashuka nimeyaanika juu ya ua.

Filta nimeweka nyingine. Na pampu Delbert ataniletea Jumamosi, ikihitajika.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda mjini peke yangu kuchukua chumvi ya ng'ombe. Joto la leo lingepika yai juu ya boneti. Kwenda vizuri, kurudi vizuri! Hata kikohozi hakuna. Pale duka la vyakula vya mifugo walifungua boneti wenyewe, wakaona vibanio, wakaniuliza soksi za injini zitakauka lini. Wacha wacheke.

Filta safi, unaweza kuinywea maji. Nimelala mchana kidogo kwa raha.

Ijumaa, 10 Juni

Nina hasira!

Imezima. Vibanio vyote vipo. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi leo, mawingu, upepo, hakuna petroli inayochemka kwenye hali hiyo. Na filta nyekundu! Ilikuwa safi jana, nimeiona kwa macho yangu haya. Iliniweka pale muda mrefu kuliko siku zote. Tulipofika, kiti cha kaka kilikuwa kimeshapewa mtu. Ruthanne hakutugombeza, alisema tu hana nafasi mpaka Jumatatu, na kwamba akivimba au akianza kukosa pumzi nisimsubiri mtu, nimkimbize hospitali. Nitamkimbiza na nini? Na hiki chuma?

Jambo la ajabu. Kurudi, Lumir alichangamka. Akaniomba tupitie malisho ya chini akaone ndama. Nikasema atachoka, akasema hachoki. Akashuka, akaegemea ua, akaanza kunihesabia yupi ni wa ng'ombe yupi, na yupi ana miguu ya mamake. Jua likatoka. Sijamwona hivyo tangu Krismasi. Mtu aliyekosa dawa yake anachangamka vipi?

Marcene kapiga. Nikamwambia tunalishughulikia. Akasema haya, shangazi.

Jumamosi, 11 Juni

Delbert kaja asubuhi na pampu mpya, na soseji alizopewa na mkewe atuletee. Lumir kala kidogo akaenda kulala. Tukaanza kazi.

Tumebadilisha pampu. Ile ya zamani haikuwa mbaya hata kidogo, Delbert aliipima kwa kidole, inanyonya kama ndama. Tukapuliza bomba zote. Mwisho akasema haya, kutu lazima itoke mahali, tushushe tangi. Tukalishusha. Kulishusha tangi lenye petroli si mchezo, nimelowa mpaka kwenye viatu. Akamulika ndani na tochi. Akamulika tena. Akanipa tochi nione mwenyewe.

Safi. Linang'aa.

Tukakaa chini kwenye nyasi. Halafu Delbert akauliza, taratibu, na lile la nyuma je?

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Pikapu ina matangi mawili, na kwenye dashibodi kuna swichi ya kuchagua injini inywe wapi, mbele au nyuma. La nyuma liliingia maji miaka hiyo, likaoza kwa kutu, tukaliacha na vijipetroli vyake vilivyochacha. Swichi iko mbele, haiguswi. Nikamwambia hivyo: haiguswi.

Delbert akasema mtu akiigeuza nyuma, gari litakwenda kidogo na petroli iliyobaki kwenye bomba, kisha litavuta uchafu, litazima. Na mtu akiirudisha mbele wakati boneti iko juu, aliye nje haoni kitu. Utapiga stata mpaka petroli safi ifike, kisha litawaka. Akasema tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

Kisha akaniuliza nani anafungua geti.

Hapa kwetu abiria ndiye hufungua geti. Hilo halina mjadala, hata mchungaji akipanda gari lako atashuka apambane na ule waya unaofunga mti wa geti kwenye nguzo. Ila Lumir hana tena nguvu ya kuukaza, kwa hiyo mimi dereva ndiye ninayeshuka. Nafungua, narudi napitisha gari, nashuka tena nafunga. Injini inanguruma, kaka yuko ndani. Nikamwambia Delbert, mimi ndiye ninayefungua.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema inaelekea mvua itanyesha wiki ijayo. Nikasema tunaihitaji. Tukarudisha tangi, tukaongea mvua mpaka alipoondoka.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda kanisani. Nimepika kuku na maandazi ya mvuke, Lumir kachovya tu. Vifundo vya miguu vimevimba, nikibonyeza kidole alama inabaki. Amelala akiwa ameketi, anasema hivyo anapumua vizuri zaidi.

Sijamuuliza. Nimemtazama mikono siku nzima. Mikono ileile iliyonifundisha kukamua. Saa nyingine nataka kumzaba kibao, saa nyingine nataka kumfunika blanketi. Nilitaka nimpeleke hospitali leo, nikamwambia twende. Akasema kesho si ni siku yake? Kesho.

Nilikwenda kwenye pikapu na koleo. Nyuma ya ile swichi kuna waya mmoja tu. Ukiukata, tangi linabaki la mbele maisha, geuza usigeuze. Dakika moja, shida yangu imekwisha, Marcene ataona gari linalokwenda. Niliushika ule waya. Nikaona kwamba nitakuwa nimemfunga mtu mzima mikono bila hata kumwambia. Nikarudisha koleo.

Jumatatu, 13 Juni

Naandika nikiwa kwenye usukani. Tuko getini, upande wa pili.

Nilishuka kufungua. Nikapitisha. Nikashuka tena kufunga, na safari hii nilipofika kwenye nguzo niligeuka. Kioo cha nyuma kina vumbi lakini kinaonyesha. Niliona bega lake likiinama mbele, mkono ukaenda kwenye dashibodi, ukarudi. Basi. Kitu kidogo hivyo.

Nikakaza waya, nikarudi, nikapanda. Sikutia gia.

"Kaka," nikasema, "umeigeuza."

Hakukana. Alitazama mbele, barabara inavyokatiza vilima. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu Jumamosi, yote yakanitoka, nikabaki na la kijinga: utaniharibia kabureta. Akacheka. Nami nikacheka, halafu nikaanza kulia, naye akanipa leso yake.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Natoka pale siku nzima siwezi hata kula. Kesho yake ndiyo naanza kuwa mtu, keshokutwa narudi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa Marcene, kwamba babake ameamua kumwacha? Gari likikataa, ni gari. Hakuna wa kumlaumu."

Nikamwambia mimi ndiye ninayelaumiwa, mimi na petroli yangu. Akasema hilo hakuliwaza, na uso ulimbadilika, nikaona kweli hakuliwaza. Akaomba radhi. Sijawahi kumsikia kaka akiomba radhi. Kisha akaniuliza, na yeye je, siku akisema basi kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nitasemaje?

Nikitoa jibu moja nitakuwa nimemzika, nikitoa la pili nitakuwa namburuta kwenye mashine. Nimemwambia nililoweza: swichi mimi siigusi leo. Akitaka twende, airudishe, na Ruthanne anatungoja saa nne. Akitaka turudi nyumbani, tutarudi, na kwenye simu na Marcene nitakaa kando yake, lakini ataongea yeye. Isipokuwa asiniambie tena kwamba ni gari.

Nikatoa daftari hili, maana sikujua mikono niiweke wapi. Ananitazama naandika. Injini imeanza kukohoa.

Ameirudisha. Mbele, kwenye petroli safi. Kwa mkono wake, mbele ya macho yangu, tak. Inanguruma vizuri sasa. Namshukuru Mungu, nilidhani tunakwenda. Nikashika gia.

Akafungua mlango. Nikasema unakwenda wapi, akaashiria kwa kiganja nitulie. Ameshuka, amejishika kwenye bodi ya pikapu, anakwenda nyuma hatua moja, anapumzika, nyingine. Namwona kwenye kioo. Nilidhani anataka kujisaidia. Amefika kwenye geti. Ameukumbatia kwa bega ule mti wa geti, kama tulivyofundishwa, anausukuma waya juu. Haujatoka. Natamani kushuka. Kaashiria tena, kaa.

Umetoka. Geti limelala kwenye nyasi, njia ya nyumbani iko wazi. Amesimama kando yake, kofia mkononi, anahema, abiria anayemngoja dereva apitishe gari. Sipitishi bado. Nimekanyaga klachi, gia ya kurudi nyuma iko chini ya mkono wangu, na yeye hanihimizi —