Baba Ng'ambo ya Laga

Mtaa wa Mowlem,
Nairobi.
11 Mei 2025

Mpendwa dada Benta,

Pokea salamu zetu sote wa huku nyumbani. U hali gani huko Halifax? Ile baridi yenu imelegea hata kidogo? Na mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa, umepata nafuu? Watoto nao bado wanakataa ugali, ama umewashinda?

Sisi tu wazima. Mvua inanyesha sana mwaka huu, na matope ya Mowlem unayajua mwenyewe. Mapazia yangu pale Muthurwa yanauzika. Kuna wiki narudi nyumbani na mzigo wote kichwani, kuna wiki narudi mikono mitupu, namshukuru Mungu.

Baba hajambo. Amekula, amekunywa chai, na sasa hivi yuko nje anabishana na jirani kuhusu bomba la maji. Naanza na hilo kwa sababu nimesikia binamu yetu Shirleen alikupigia simu akakwambia Baba nusura afie porini kwa ujinga wa ndugu yetu Willis. Ni kweli nusura afe. Lakini Shirleen hakuwepo, na mimi nilikuwepo. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie, badala ya kukutumia sauti kwa simu. Phares, mtoto wa jirani anayekuja kusoma huko, ataibeba barua hii.

Unajua jinsi Baba alivyokuwa akitamani kuiona kaskazini. Miaka yote aliyofanya kazi reli alifika Kisumu, Malaba, Mombasa, Nanyuki, kila mahali palipo na njia ya treni. Upande ule wa juu reli haikufika, naye akawa anausema kama mtu anayesema nchi ya kigeni. Basi Pasaka hii Willis alipewa ruhusa ya kutumia gari la kazini kwake, lile la kubeba watalii, na mahema yake. Nikaona nafasi imejitokeza. Nilimwambia Baba tunakwenda kuona milima. Nilimwambia Willis aendeshe tu, mengine aniachie mimi. Wewe unajua kwamba tangu tumzike Mama, Baba hakuwa amemjibu Willis neno hata moja. Mkutano wa ukoo ulishindwa, pasta alishindwa. Nilidhani labda moto wa kuni na anga pana vitafanya kazi ambayo watu hawakuiweza.

Safari yenyewe ilikuwa ngumu. Baba aliketi nyuma, akitaka kitu ananituma mimi. "Elsie, mwambie dereva apunguze mwendo." Willis yuko hapo mbele anasikia, anapunguza. Tulipita Isiolo, tukaiacha lami, tukaendelea hadi ng'ambo ya Wamba, chini ya milima ya Mathews. Benta, kuzuri huko, sitakudanganya. Milima imesimama samawati, imefungwa mawingu kiunoni, na chini ni migunga na mchanga mweupe hadi macho yachoke. Kambi haina makuu. Ni uwanja uliofyekwa, choo cha shimo cha mabati, bafu la magunia, na tangi moja la maji. Hakuna ua. Mlinzi wake, mtu mpole aitwaye Magan, alituambia chakula chote tukifungie ndani ya gari, tusiache hata ganda la ndizi hemani, kwa sababu ya nyani na ndovu. Tulitii.

Kando ya kambi kuna laga, yaani mto wa mchanga usio na maji. Ni mpana kama uwanja wa mpira, na watu wanapita juu yake kama barabara.

Jioni ya kwanza tuliota moto. Baba alikuwa amechangamka, anauliza habari za kila ndege. Willis akammiminia chai, akampelekea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Baba, naomba tuongee." Baba alikitazama kile kikombe, akainuka, akaingia hemani akafunga zipu. Kulipokucha akamwomba Magan amsaidie kung'oa hema lake. Akalihamishia ng'ambo ya laga, chini ya mgunga, peke yake. Nilimfuata nikamsihi. Akaniambia huku macho yake yako kwenye vigingi kwamba hawezi kulala karibu na mtu aliyempeleka mke wake kupasuliwa bila yeye kujua. Nikarudi. Siku nzima ikapita hivyo, mahema yetu mawili upande huu, lake moja upande ule, nami navuka mchanga na sahani kama mjumbe.

Ndipo ikafika ile asubuhi ya Pasaka. Kwetu mbingu ilikuwa safi kabisa. Milimani kulikuwa na wingu jeusi, lakini mbali, hata sikulijali. Baba alivuka kuja kuchomwa sindano yake ya sukari, kwa maana insulini ilikuwa kwenye sanduku la barafu ndani ya gari. Nikamchoma. Uji ulikuwa motoni, Willis anakaanga mayai. Nilimwambia Baba aketi ale. Akasema nimletee kule kwake, akageuka akaenda zake.

Nilikuwa nakoroga uji kwenye bakuli niliposikia ngurumo kama ya lori linaloburuta mawe. Magan alipiga ukelele kwa lugha yake. Nilipotazama juu niliona laga inakuja, Benta. Mbele ni povu la kahawia lililobeba matawi na mizoga ya vichaka, nyuma yake maji. Baba alikuwa ameshapanda ukingo wa pili, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Ule mchanga aliotoka kuukanyaga haukuonekana tena. Magan alisema hakuna daraja wala kivuko, tungoje, huenda jioni yakapungua.

Willis alipumua, akasema, "Siz, yuko salama. Atakaa tu huko."

Nikamwambia hapana. Nimemchoma sindano na hajala. Yule nesi wa kliniki alinionya mara nyingi, ukishamchoma lazima ale, la sivyo sukari itashuka na atazimia. Na kule hemani kwake hakuna hata peremende. Nilimwona Willis akibadilika uso. Alilitupa sufuria la mayai chini.

Mwanzoni Baba alikuwa anatupungia mkono, kama mtu anayefurahia tamasha. Baadaye akaketi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini nikamwona anavua koti, anajipangusa uso kwa mkono, anajipangusa tena. Nilimwita, sauti yangu ikamezwa na maji. Ya Willis ndiyo iliyofika, unajua koo lake. Baba hakugeuza hata kichwa. Sikujua kama ni hasira au ni maradhi, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Pale karibu na mgunga laga inabanwa na miamba, inakuwa nyembamba kidogo. Willis alifunga pakiti ya glukosi kwenye mfuko pamoja na jiwe, akarusha. Ikaanguka majini. Akatia sukari kwenye soksi yake, akairusha, ikapasukia kwenye mwamba. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, tukafunga sukari yote iliyobaki tabaka juu ya tabaka, na jiwe ndani.

Wakati huo Baba alikuwa ameanza kung'oa vigingi vya hema lake. Aling'oa kimoja, akakitupa, akang'oa kingine, kama mtu aliyeambiwa treni inaondoka. Hema likamwangukia, akatoka chini yake akipepesuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye maji. Magan alifumba macho. Mimi nilipiga magoti pale pale.

Willis akarusha. Kile kitambaa kilianguka mchangani, karibu na miguu ya Baba. Baba alisimama, akakitazama, akaketi chini. Hakukigusa.

"Baba, okota! Ni sukari, kula!"

Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Basi Willis akavua viatu akaingia majini. Magan alimkamata shati, likachanika. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, na kila hatua yalikuwa yakimsukuma pembeni. Akasimama hapo, akapaza sauti.

"Baba, naja kwako. Usipookota, naja hivi hivi."

Benta, nilimwona Baba akiinua kichwa. Alimtazama Willis muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka ni nani. Kisha nikasikia sauti yake, imekwaruza lakini ni yake.

"Willis. Toka majini."

"Kula kwanza, ndipo nitoke."

"Toka, nimesema."

"Sitoki mpaka ule."

Baba alitambaa hadi kwenye kile kitambaa. Kukifungua kulimshinda kwa vidole, akakipasua kwa meno. Akala sukari kwa kiganja, inamwagika kifuani, anaokota mchangani anakula pamoja na mchanga. Willis alisimama katika yale maji bila kusogea. Nilikuwa nimemshika Magan mkono hata kucha zangu zikamwingia. Tulingoja. Polepole Baba akaacha kutetemeka, akakaa wima, akatazama hema lake lililolala chini kana kwamba ni mtu mwingine aliyeliangusha.

Halafu akasema, "Umelowa. Nenda uvae kitu."

Willis akatoka. Alipofika ukingoni akalala kifudifudi, akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi.

Maji yalipungua alasiri. Magan alifunga kamba za mahema kwenye mti na kumfunga Willis kiunoni, naye akavuka na chakula kichwani. Mimi nilikatazwa kuvuka. Niliwaona kwa mbali wakila, kisha wakilisimamisha tena lile hema pamoja, mmoja anashika mlingoti, mwingine anagonga vigingi. Baadaye waliketi. Waliongea mpaka jua likagusa milima. Mara moja nilimwona Baba akijifunika uso kwa kofia yake.

Kesho yake, tulipokuwa tunarudi, Baba aliketi mbele. Mimi nilikuwa nyuma na masufuria.

Yaliyosemwa nimeambiwa na Baba mwenyewe, hapa hapa Mowlem, na amenipa ruhusa nikuandikie. Alimuuliza Willis kwa nini hakumwambia habari za upasuaji. Willis hakutaka kujibu. Baba akashikilia. Mwishowe Willis akamwambia kwamba ni Mama aliyemkataza. Alimshika mkono kwenye kitanda cha hospitali akamwambia, "Usimwambie baba yako mpaka nitoke. Ataogopa, atakataa, na mimi nataka kujaribu." Uamuzi ulikuwa wake, dada. Hakutoka, na Willis akaona kusema ukweli ni kumshtaki Mama kaburini, kumwambia Baba kwamba mke wake alimficha siku yake ya mwisho. Akanyamaza, akaubeba peke yake.

Nilimuuliza Baba alijibu nini. Alikung'uta majani ya chai kwenye kikombe. Akasema, "Nilimwambia kwamba mama yenu alinijua vizuri. Ningekataa."

Sikwambii kwamba mambo yote sasa ni sawa. Jumapili iliyopita Willis alikuja, wakasomeana gazeti nusu saa, wakakasirikiana kuhusu siasa, akaondoka. Baba bado hulala mchana na kuamka akimwita Mama. Lakini wanakasirikiana kwa maneno, na mimi hilo linanitosha.

Naomba unisikilize kidogo. Ulipokuja kwenye mazishi uliamini kile Baba alichoamini, hata mimi niliamini, na sikulaumu. Uliondoka bila kumuaga Willis. Hajanituma, na hajui kwamba nakuandikia. Wala hakuna anayekutaka uombe msamaha kwa simu, maneno ya namna hiyo hukwama kooni. Lydiah mkewe anatarajia kujifungua mwezi wa saba, mtoto wao wa kwanza, na miguu yake imeanza kuvimba. Wewe ni nesi. Mpigie Willis, umuulize tu kama mkewe anapata presha. Atajua umemaanisha nini.

Baba anakusalimu na kusema ule vizuri. Lydiah anakusalimu, na Mama Wakoli wa duka, na shangazi Tiffany aliyehamia Kayole anauliza utarudi lini. Wabusu watoto kwa niaba yangu, umsalimu shemeji.

Mungu akuzunguke huko uliko, akupe usingizi mwema baada ya zamu, na asikuache uwe mpweke katika nchi ya watu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kila siku,
Elsie