Uso Juu ya Jiwe la Ubatizo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za wote waliomo humu ndani, wakubwa kwa wadogo, pamoja na za cherehani ya mama, ambayo tangu uondoke haijafunga mdomo. Unaendeleaje huko chuoni? Unalala? Mama anasema wanafunzi wa uuguzi huuguza kila mtu isipokuwa nafsi zao, kwa hiyo kila siku anajiuliza kama mchana unakula au unajidanganya kwa chai. Sisi hatujambo. Mguu wa baba umepata nafuu, ameanza kupanda ngazi bila kuzitukana.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Dada, unanijua. Kwenye simu ningekuamkia, halafu ningepumua tu mpaka salio liishe. Karatasi haina macho, ndiyo maana naiweza.

Habari kubwa ni kwamba kanisa letu halitabomolewa. Wale wa manispaa waliotaka kupageuza maegesho ya magari wameambiwa watafute kwingine. Limeandikishwa kuwa jengo la kale linalolindwa, mnara, vigae, vioo vya rangi na yote, na mwezi ujao kibao cha shaba kitabandikwa mlangoni. Mpiga kengele alilia mbele za watu, kisha akasingizia vumbi la chokaa. Mama atakuwa ameshakupigia kukueleza, lakini mama anajua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, na imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Unamkumbuka yule fundi wa picha aliyekuja kusafisha kuta, na yule malaika juu ya jiwe la ubatizo, ambaye uso wake ulikuwa umeliwa na maji ya mfereji mbovu mpaka ukabaki kidevu na sikio moja? Wewe ndiye uliyekuwa unawapelekea mafundi chai. Mimi nilikuja nyuma yako na vikombe. Alipokuomba ukae kidogo kwenye mwanga wa dirisha akuchore, mimi aliniomba nisogee, namzibia mwanga. Nilisogea.

Ukaenda zako chuoni, uso wako ukabaki ukutani, ameupaka yule malaika. Na mama akahama benchi. Mama yetu, ambaye miaka yote alikaa mbele karibu na altare na hakuna aliyethubutu kupagusa pale, akahamia kule pembeni chini ya ukuta wako. Wakati wa kupeana amani alikuwa anainua macho kwako kwanza, ndipo anageuka kunipa mkono. Majirani nao hawakunipa nafasi. Wee Kimya, dada yako hajambo? Jumapili katutazama vizuri kweli! Mpiga kengele akasema kwetu mmoja kapewa mabawa, mwingine kapewa miguu ya kutumwa dukani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ukinuna ndipo wanapojua pameuma. Nilipokuwa wa kwanza darasani kwa insha, katika lugha zote mbili, nilimwonyesha mama matokeo palepale benchini baada ya misa. Alisema hongera mwanangu, huku shingo ameielekeza juu. Akaongeza kwamba dada yako angefurahi sana.

Basi akaja mkaguzi wa majengo ya kale, mama mmoja mrefu mwenye viatu vya vumbi, asiyejua lugha yetu hata neno, anazungumza ile ya shuleni tu. Paroko akasema mimi ndiye nitakayetafsiri. Mwenyekiti wa baraza la parokia akamvuta pembeni, lakini sauti yake unaijua, hata akinong'ona inasikika barabarani: huyu mtoto maneno yatamtoka kweli? Paroko akamjibu kwamba anataka mtu asiyetia chumvi.

Tulizunguka kanisa zima. Mkaguzi alichokoa boriti kwa kisu kidogo kutafuta mchwa, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole kama daktari anayepima kifua. Alipofika kwa malaika alisimama sana. Akasema uso huu umehifadhika kuliko kitu chochote humu ndani, je, una umri gani? Nikatafsiri. Mwenyekiti akajifuta jasho, akaniambia nimweleze kwamba uso huo ni wa zamani sawa na ukuta wenyewe, babu zetu wamebatizwa chini yake, na kwa kweli hata yeye akiutazama humkumbuka marehemu babu yake. Nikafungua mdomo nitafsiri. Badala yake nikasema: "Huyo ni dada yangu."

Mwenyekiti akauliza mbona fupi, mbona babu yake sijamsikia. Nikarudia kwa lugha yetu. Mwenyekiti alinitazama kana kwamba nimechomoa tofali la chini kabisa la mnara.

Kumbe mkaguzi alikuwa anacheka. Alisema rangi mbichi aliinusa tangu mlangoni, na alikuwa anangoja aone kama yupo atakayemwambia kweli, maana watu wanaodanganya juu ya uso mmoja watadanganya na juu ya boriti, na hao yeye huwaaga mapema. Uso ufutwe, akasema, ukuta ubaki na jeraha lake; mengine yote atayatetea mwenyewe.

Jumapili Paroko akahubiri kwamba ukweli wa mtoto umeiokoa nyumba ya Mungu. Hakunitaja, lakini shingo zote ziligeuka. Mpiga kengele akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Na mama, dada, mama alinishika mashavu kwa mikono miwili akanitazama mimi peke yangu, hata watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa wapishwe njia. Sasa ananishonea gauni, kwa kuwa mimi ndiye nitakayevuta kitambaa kukifunua kile kibao cha shaba siku ya kukizindua.

Dada, nimevikwa kilemba cha ukoka. Mimi sheria za majengo ya kale sikuzijua. Uongo wa mwenyekiti haukunikera hata kidogo. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona mama anaweka sawa mtandio wake huku anakutazama wewe pale juu, kama mtu aliye mbele ya kioo, na nilichotaka ni kimoja tu, utoke ukutani. Kama uongo ndio ungekutoa, ningesema uongo, tena kwa lugha zote mbili. Fundi wa picha alipokuja na ndoo na sponji, mnyonge kama aliyefiwa, nilijitolea kumsaidia. Alidhani namfariji. Aliniambia nianzie kwenye kidevu, taratibu. Nilipanda ngazi nikaanza na macho.

Nimekwenda kuungama. Paroko akasema ukweli hauozi kwa sababu ya mkono ulioubeba, ila mkono wenyewe unahitaji kunawa, na kitubio changu ni kukueleza wewe kabla sijakivuta kile kitambaa. Maskini, siri ya maungamo imemfunga. Kila mtu akinisifu mbele yake inambidi aitikie.

Na mama hajarudi kwenye benchi lake la mbele. Bado anakaa palepale, anatazama lile doa jeupe. Juzi nilimsikia analiambia usiku mwema.

Hata sasa ninapoandika, wivu haujaniisha, na ningesema umeisha ningekuwa nakudanganya. Najua utakavyofanya. Utasoma mara moja, utacheka, utanisamehe kabla hujakunja karatasi, kisha utampigia mama umwombe asinigombeze, na mama atawaambia majirani: mnauona moyo wa yule mtoto? Utakuwa umenishinda tena bila hata kunyanyuka kitandani. Kwa hiyo nakuomba, usinisamehe upesi. Kasirika kwanza. Nitukane kama dada za watu wengine wanavyotukana wadogo zao. Mama nitamwambia mwenyewe, gauni liwe limekwisha au halijakwisha.

Baba anakusalimu na anataka kujua kama huko maji ya kuoga ni ya moto. Mama anakusalimu pia, ingawa hajui kama nakuandikia. Jitunze, ule, ulale.

Na ukijibu, hata yakiwa matusi matupu, tafadhali mama mwandikie yake kando. Bahasha ya jibu langu iwe na jina langu peke yangu.

Ni mimi, mdogo wako,
Kimya