Chemchemi Niliyokuchorea

Birongo,
Kisii.
14 Septemba, 2025.

Mpendwa dada Gesare,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Habari za Minnesota na baridi yake? Shemeji Odoyo hajambo? Nimeandika Kiswahili makusudi ili naye asome mwenyewe, maana ningeandika kwa lugha yetu ungemtafsiria, na ukifika mahali pabaya ungeruka. Watoto je, Machogu na Nyakerario mdogo? Ile picha ya mtoto akiwa na gauni la Sabato nimeionyesha kila mtu sokoni. Wote wanasema huyo ni nyanya yake mtupu, hasa paji la uso.

Sisi huku ni wazima. Mvua ni ya kutosha na majani chai yanachumwa. Mke wangu Emily analalamika goti, lakini Sabato iliyopita alisimama na kwaya kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo sijui kama ni goti au ni jembe asilolitaka. Usimwambie nimesema hivyo.

Nimepata ujumbe wako kwamba makaratasi yametoka na Desemba mnakuja. Dada, nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Miaka kumi na sita si mchezo. Kisha nikasoma ule mwisho, kwamba jambo la kwanza utakalofanya ni kumshusha Nyakerario mdogo bondeni, anywe kwa mkono kwenye chemchemi ambako nyanya yake, somo wake, aliteka maji maisha yake yote, ile iliyo kwenye picha ya sebuleni kwako. Ukaniuliza pia ni nini hunivuta nichore mahali hapo hapo kila mara, kama mtu asiyejua pengine. Nimeshindwa kukujibu kwa simu siku kumi sasa, ndiyo maana unaona barua.

Gesare, chemchemi haipo. Ilikauka mwaka wa 2018, na aliyeikausha ni mimi.

Unakumbuka baba alipofariki, kipande cha bondeni kiliniangukia. Wakati ule nilikuwa nachora mabango ya maduka kule Nyamache, nikitamani kuchora picha za maana na sina hata karatasi. Kila mtu alikuwa anapanda mikaratusi, kwa nguzo za kujengea na kuni za viwanda vya chai. Nami nikachukua miche mia mbili nikaishusha mpaka ukingoni mwa chemchemi, kwa sababu kwenye unyevu hukua haraka. Mama yako, mama yangu mdogo, alinikuta hapo nikichimba mashimo.

"Baba, hapo ni pa maji," akaniambia. "Panda kule juu kwenye mawe."

Nikamjibu kwamba kule juu itachelewa. Aliteka maji yake, akajitwika, akapanda kilima.

Miti ilikunywa. Lile ganda la mgomba tulilokuwa tukitega utotoni ili maji yamiminike, kwanza lilitoa kijito chembamba, halafu matone, na akina mama wakawa wanapanga foleni na mitungi. Ukabaki udongo mweusi, kisha nao ukapasuka. Mama mdogo akaanza kuvuka kilima kwenda kuteka kwa akina Ondieki. Kurudi ni nusu saa ya kupanda, na alikuwa na miaka sitini na minane. Alifanya hivyo miaka minne, mpaka alipolala kitandani na hakuamka tena. Sisemi maji ndiyo yaliyomuua. Lakini nilimwona kila asubuhi akipita mbele ya mlango wangu, na mara nyingi nilijifanya sijamwona.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Nguzo za kwanza nilizouza ndizo zilizoninunulia rangi, wino na vipande vya lino, yale mabamba laini ya kuchongea picha za kuchapa. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya chemchemi. Kwenye lino, maji ni pale unapochonga ukatoa, pakabaki peupe bila wino, kwa hivyo nilikaa wiki nzima nikichonga maji ambayo miti yangu ilikuwa imeshayamaliza, kwa kisu kilichonunuliwa na miti hiyo hiyo. Nilimpelekea mama yako nakala. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Ni hapo kabisa," akasema. "Lakini miti yako iko wapi?"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniambia nisikuambie habari za maji, kwamba uko mbali na utalia bure. Alikuwa ananisitiri, na mimi nikalishika neno hilo kama ruhusa.

Ndiyo, na zile simu za video. Mimi ndiye niliyemshikia simu, unajua hakuwa anaiweza. Siku ile uliyoomba uonyeshwe chemchemi, nikakwambia mtandao haufiki kule chini, nikakuonyesha ndizi. Mtandao kule chini ni mzuri kuliko kanisani. Mama yako alikuwa amekaa pale pale, akaniacha niseme. Hata mazishi yake uliyatazama kwa simu, na mimi ndiye niliyechagua upande wa kuelekeza kamera.

Kwenye maonyesho Kisumu watu huniuliza kilichonivutia kuchora, nami husema ni upendo wa nyumbani. Mwanamke mmoja alilia mbele ya picha hiyo, akisema imemrudisha kwao. Nilimwambia asante. Uongo mtupu. Nachora pale kwa sababu ninaona aibu, na kila nikichukua kisu nafikiri labda safari hii nitayapata maji sawasawa na moyo utatulia. Nimechonga mara kumi na moja. Haujatulia.

Nilitaka kukuuliza kama niikate miti. Halafu nikaona hata hilo ni kukusukumia kazi yangu. Nimeanza Jumatatu iliyopita, na Emily ananisaidia na lile goti lake. Visiki navyo tunavichimbua, maana mkaratusi ukiuacha na kisiki huchipua tena. Afisa wa kilimo anasema maji yanaweza kuchukua miaka kurudi, au yasirudi kabisa.

Salamu kwa shemeji Odoyo, na Machogu mwambie mjomba anamngoja. Emily anawasalimu, na binamu yetu Anyona wa Kiogoro pia, aliyeahidi kuja kuwapokea. Mungu aliyewatunza huko ugenini awalinde njiani mpaka nikushike mkono.

Ukiona ni vyema, iondoe ile picha ukutani, sitauliza. Lakini Desemba mje. Mtashuka bondeni na hamtakuta chemchemi wala miti, mtakuta mashimo tu na mimi. Na Nyakerario mdogo akiuliza ni nani aliyemaliza maji ya nyanya yake, usinifiche kama mama yako alivyonificha. Nitakuwa nimesimama hapo, umwonyeshe kwa kidole.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na nisiyestahili bado kukuangalia machoni,
Obwocha.