Maneno Yako Yamerudi Pambizoni

Maalim Sadiki,

Kwa heshima ile ile niliyosimama nayo mlangoni pa darasa lako hapa Kasulu, naomba kuwasilisha kwako taarifa ya mambo yaliyojiri, pamoja na kosa ninalolikiri.

Utakumbuka kitabu chako cha fiqhi kilicholiwa na mchwa, ulichonikabidhi nikinakili upya. Uliusifu mwandiko wangu, ukailaumu haraka yangu. Kwenye mlango wa eda ulikuwa umeandika pambizoni, kwa penseli: "Mjane asiondolewe shambani kabla hajavuna maharage aliyoyapanda." Mimi, kwa kupenda ukurasa nadhifu, niliyaingiza maneno hayo ndani ya kitabu chenyewe. Sikukwambia. Ulipofariki, nakala yangu ilitolewa fotokopi hadi Kibondo, na wazee wakazoea kusema, "Kitabu kimesema."

Msimu huu Bi Zuhura wa Makere alifiwa na mumewe. Eda ilipokwisha, shemeji yake, ambaye shamba limeangukia fungu lake, alimtaka aondoke, maharage yakiwa bado mabichi. Shemeji huyo aliposomewa nakala yangu, alikuja msikitini na chapa mpya ya kitabu hicho kutoka pwani, akaifungua mbele ya imamu. Sentensi ile haimo.

Maalim, ningeweza kunyamaza. Bi Zuhura alikuwa ameketi upande wa wanawake, na nilijua kwamba nikisema kweli huenda nikamnyang'anya mavuno. Nilisimama. Nilitamka, kwa ufasaha wote niliojaliwa, kwamba maneno yale si ya mwenye kitabu bali ni yako, na mkono ulioyahamisha ni huu wangu.

Imamu hakunikemea. Alimgeukia shemeji na kumuuliza, mama yake alipofiwa, alivuna kwa kauli ya nani. Yule bwana aliinama. Alikiri kuwa ni kauli yako, na kwamba maharage yale aliyala yeye na wadogo zake.

"Basi hayamo kitabuni, lakini ndiyo yaliyokulea," imamu alisema. "Yarudi pambizoni, na jina la Maalim chini yake. Nasi tuyafuate kama mazoea tuliyoyaridhia."

Shemeji aliomba jambo moja. "Iandikwe maharage, Sheikh. Mkiandika mazao, shemeji yangu huyu atapanda muhogo, nami nizeeke nikingoja."

Bi Zuhura alicheka kabla yetu sote.

Amekwisha vuna. Aliniletea bakuli la maharage, nikala nikikukumbuka ulivyokuwa ukiyatia chumvi kabla hujayaonja. Chini ya maneno yako sasa pana ya imamu: "Maharage, si muhogo." Nadhani ungelitabasamu.

Nakuaga, Maalim, nikikuombea kaburi lenye nafasi na nuru. Naahidi kwamba nakala ninayoianza leo itakuwa na pambizo pana, na kila neno litakaa na mwenyewe.

Mimi, mwanafunzi wako mtiifu,
Hamisi, mwandishi wa barua, Kasulu